Kutoka Mkasi hadi Sindano: Mchoro Ukihamia Kitambaani, Kazi ni ya Nani?

Tangu tarehe 1 Januari 2025, kazi za Henri Matisse, mchoraji Mfaransa aliyefariki Novemba 1954, hazilindwi tena na hakimiliki katika nchi za Ulaya zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo cha msanii. Majani yake yanayofanana na mwani, ndege wake na wanawake wake wa buluu, aliowakata kwa mkasi katika miaka ya mwisho ya uhai wake, wamejaa kwenye mito ya makochi, mapazia, vikombe na mabango ya ukutani. Kadiri wanavyozidi kuonekana, ndivyo watu wanavyozidi kuchanganyikiwa. Wapo wanaodhani pazia lenye jani la Matisse ni kazi ya Matisse. Wapo wanaoliita wizi. Wengine wanasema sanaa iliyohamishwa kutoka karatasini kwenda kwenye kioo au kitambaa imekwisha kufa njiani.

Swali hili linafika mbali na Paris. Gudele, eneo kubwa la makazi upande wa magharibi wa Juba, liko katika nchi ambayo wanawake wake wamejenga sanaa nzima juu ya shuka la pamba: milaya, yaani mashuka yanayodariziwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi. Siku hizi mteja anaweza kumwonyesha mdarizi picha kwenye simu na kumwambia, "Nataka kama hii." Mdarizi akikubali, je, ni mwizi, mwanafunzi au msanii?

Ndani ya swali hilo moja yamejificha matatu: la sheria, la uhalisi, na la ubora. Ubishi mwingi unatokana na kuyajibu yote matatu kwa jibu moja. Uchambuzi huu unayatenganisha, unapima misimamo minne inayoshindana, kisha unaeleza ni upi unaomfaa mtu anayeishi kwa sindano yake.

Usuli: kwa nini mkasi

Mwaka 1941 Matisse, akiwa na miaka 71, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo mjini Lyon. Alipona, lakini hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu mbele ya turubai. Muda wake mwingi ulipita kitandani na kwenye kiti cha magurudumu. Hapo ndipo mkasi uliposhika nafasi ya brashi. Wasaidizi wake, akiwemo Lydia Delectorskaya, walipaka karatasi nyeupe rangi nzito ya maji na kuziacha zikauke. Matisse alizikata bila kuchora kwanza, na wasaidizi wakavibandika vipande ukutani kwa pini huku yeye akiwaelekeza: juu kidogo, kushoto, hapo hapo.

Hata hivyo mkasi haukuanza na ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipokuwa akichora picha kubwa ya ukutani iitwayo "Ngoma" kwa ajili ya jengo la mkusanyaji wa sanaa Albert Barnes huko Marekani, alitumia vipande vya karatasi kupanga na kupangua miili ya wachezaji kabla ya kupaka rangi. Kwa hiyo karatasi iliingia kwenye kazi yake kama chombo cha kupangia kitu kingine. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla chombo hicho hakijawa kazi yenyewe. Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa, kwa sababu karatasi ile ile inaweza kutazamwa kama mpango au kama kazi iliyokamilika.

Usuli: kwa nini ilihama

Zipo sababu nne za karatasi hizo kugeuzwa vitambaa, madirisha, mazulia na vigae.

Ya kwanza iko ndani ya kazi yenyewe. Kipande kilichokatwa kina rangi moja na ukingo mmoja. Hakina kivuli wala rangi zinazoingiliana taratibu kama kwenye picha ya brashi. Mkata kioo, mchonga stensili na mdarizi wote wanafanya kazi kwa ukingo, kwa hiyo wanaweza kuusoma mchoro huo bila mkalimani.

Ya pili ni udhaifu wa karatasi. Inachanika, inajikunja, na rangi yake inaweza kufifia kwenye mwanga. Kioo na kigae hudumu.

Ya tatu ni maagizo ya wateja. Mwaka 1946 Zika Ascher, Mcheki mwenye kampuni ya vitambaa London, alimwomba Matisse mchoro wa kitambaa. Matokeo yake ni "Oceania, Anga" na "Oceania, Bahari", zilizochapwa kwa skrini juu ya kitani, nakala 30 kila moja. Kampuni ya mazulia ya Alexander Smith ya Marekani ikatoa zulia la "Mimosa" katika nakala 500. Jarida la Life liliagiza dirisha la Krismasi la mwaka 1952. Familia ya Brody ya Los Angeles ikaagiza ukuta wa vigae, na ndivyo ilivyopatikana "La Gerbe" ya mwaka 1953.

Ya nne ni shauku ya Matisse mwenyewe kutoka kwenye fremu na kuingia kwenye ukuta mzima. Shauku hiyo ilifika kileleni katika kanisa dogo la Rozari mjini Vence, lililowekwa wakfu Juni 1951, ambako alibuni madirisha, picha za vigae, hata kasula za mapadre.

Msimamo wa kwanza: karatasi ndiyo kazi

Wanaoshika msimamo huu wanasema kila kinachotoka kwenye karatasi ni nakala tu. Hoja yao ina uzito. Ukisogea karibu na karatasi ya Matisse unaona mistari ya brashi ya msaidizi aliyeipaka, matundu ya pini zilizohamishwa mara kadhaa, kipande kilicholaliana na kingine, na mahali mkasi ulipogeuka ghafla. Huo ni ushahidi wa mtu anayefikiri kwa mikono. Uchapaji unausafisha ushahidi huo.

Shahidi wao mkubwa ni Matisse mwenyewe. Kitabu chake "Jazz", kilichotolewa na mchapishaji Tériade mwaka 1947 kikiwa na picha 20, kilichapwa kwa stensili na kwa rangi zile zile zilizopakwa kwenye karatasi za asili. Rangi haikuwa na kasoro. Hata hivyo Matisse alimwandikia rafiki yake André Rouveyre kwamba hakuridhika: katika kuhamishwa, vipande vilipoteza uhai wao.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba "karatasi ya asili" si imara kama unavyodai. Matisse alipokuwa hai, vipande vingi vilishikiliwa na pini tu. Vilihama kutoka ukuta hadi ukuta, na upepo wa dirishani uliweza kuvitikisa. Nyingi kati ya kazi hizo zilibandikwa kwa gundi juu ya turubai baada ya kifo chake, na mafundi wa Paris. Maana yake, anayesimama leo mbele ya "asili" kwenye jumba la makumbusho anatazama kitu ambacho nacho kimepitia uhamisho, ingawa karatasi ni ile ile.

Msimamo wa pili: karatasi ni mpango tu

Upande wa pili unasema kinyume: karatasi ni kwa dirisha kama ramani ilivyo kwa nyumba. Mfano wao ni Vence. Kwenye madirisha yale kuna kijani, buluu na manjano. Kijani na buluu zinapitisha macho hadi bustanini, lakini manjano imefifishwa makusudi, mwanga upite na macho yasipite. Jua likiingia, rangi zinalala juu ya sakafu nyeupe na kusogea na saa. Hakuna karatasi inayoweza kufanya hivyo. Matisse alilihesabu kanisa hilo kuwa kilele cha maisha yake, na alikuwa akiongelea jengo, si vielelezo.

Udhaifu wake ni mambo mawili. Kwanza, si kila karatasi ilikuwa na safari mbele yake. "Bwawa la Kuogelea" la mwaka 1952 alilitengeneza kuzunguka kuta za chumba chake cha kulia chakula katika Hôtel Régina, Nice, aishi nalo. Kuliita mpango ni kulidhulumu. Pili, msimamo huu unafungua mlango kwa wafanyabiashara. Mwaka 1958, miaka minne baada ya kifo, jarida la Verve la Tériade lilitoa chapa za litografia zilizotengenezwa kutokana na karatasi zake za mwisho. Ni chapa nzuri na za heshima. Lakini sokoni mara nyingi huuzwa kwa maneno yanayomfanya mnunuzi aamini kwamba mkono wa Matisse ulizigusa, na haukuzigusa. Tukisema karatasi ni mpango tu, kila anayeutekeleza mpango anaweza kudai anauza Matisse.

Msimamo wa tatu: kazi ya mikono miwili

Msimamo wa tatu unamtazama mtu ambaye misimamo miwili ya kwanza inampita: fundi. Unasema kazi iliyohamishwa ina wenyewe wawili, aliyebuni na aliyegeuza.

Ushahidi bora umo katika kosa la Vence. Kabla ya kufikia mchoro uliotumika, "Mti wa Uzima", Matisse alikamilisha vielelezo vingine. Kimojawapo, dirisha la buluu hafifu, kilikuwa kizuri kama karatasi, lakini hakikuacha nafasi ya mikanda ya risasi inayoshika vipande vya kioo. Bila mikanda hiyo dirisha halisimami. Ikabidi aanze upya. Kioo kilikuwa na masharti yake, na watu walioyajua masharti hayo walikuwa mafundi kama Paul Bony, aliyegeuza vielelezo vya Vence na dirisha la Life, "Usiku wa Krismasi", kuwa kioo. Jumba la makumbusho la MoMA la New York lina karatasi ya dirisha hilo na dirisha lenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kulinganisha kipande kwa kipande kile mchoraji alichoomba na kile fundi alichoweza.

Hata Ascher alikuwa na mtihani wake. "Oceania" ilianza pale Matisse alipokata mbayuwayu wa karatasi nyeupe na kumbandika juu ya doa kwenye ukuta wa nyumba yake Paris. Baada ya huyo akaja mwingine, kisha samaki na mwani, kumbukumbu za safari yake ya Tahiti ya mwaka 1930. Ukuta ulikuwa na rangi ya mchanga, nayo ikawa sehemu ya picha. Ascher alilazimika kupata kitani chenye rangi hiyo na wino mweupe unaokaa juu yake bila kuzama. Uamuzi wa namna hiyo si wa mashine ya kunakili.

Karibu zaidi nasi yupo Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, wakati Omdurman na Juba zilipokuwa katika nchi moja. Katika uzee wake huko Oxford, akiwa na maumivu sugu, alianza kuchora kwa kalamu nyuma ya pakiti za dawa zake. Michoro hiyo midogo, aliyoipa jina la "Kutuliza Maumivu", baadaye ilikuzwa na kuchapwa kwa skrini juu ya kitani. Mchoro unaotosha kiganjani ukawa wa kujaza ukuta, na katika kukuzwa huko kila mstari ulihitaji mtu wa kuamua unene wake.

Udhaifu wa msimamo wa tatu ni wa vitendo. Wenye kazi wakiwa wengi, nani anawajibika ikiharibika? Nani anagawa malipo? Na fundi asipotajwa kwenye mkataba tangu mwanzo, sifa ya baadaye haimlishi.

Msimamo wa nne: ni mali ya wote

Msimamo wa mwisho ni wa soko: muda wa kisheria umekwisha, kila mtu atumie. Kwa upande wa sheria hoja hii ni sahihi kwa sehemu tu. Muda haulingani duniani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kwa kipimo hicho kazi za Matisse zilikuwa huru tangu mwanzo wa 2005. Marekani huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa kwa kazi za wakati huo, na "Jazz" italindwa huko hadi mwisho wa 2042. Ufaransa nayo huwaachia warithi haki ya kimaadili isiyo na kikomo, yaani haki ya kudai jina la msanii litajwe na kazi yake isiharibiwe. Mashuka yanayouzwa Juba na mashuka yanayopelekwa New York yako chini ya sheria tofauti.

Afrika Mashariki imekwisha onja faida na hasara za mali ya wote. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za enameli juu ya vibao vya mraba vya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Mtindo wake ulibebwa na ndugu na wanafunzi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo chui na ndege wa Tingatinga wako kwenye sinia, fulana na vikapu. Uhuru huo umelisha familia nyingi, tena mtindo haukufa na mwanzilishi wake. Lakini umemfanya mchoraji mmoja mmoja asijulikane, na bei hushuka pale picha inayofanana inapopatikana kibanda cha pili. Kanga inaonyesha jambo hilo hilo: pindoni husomeka jina la mwenye biashara, kama Mali ya Abdulla ya Mombasa inayojulikana tangu mwaka 1887, lakini jina la aliyechora mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo si desturi kuliandika.

Historia inaweka uzito mwingine kwenye mizani. Matisse mwenyewe alikusanya vitambaa vya Wakuba wa Kasai, Kongo, akavitundika kwenye kuta za chumba chake cha kazi. Kwa Wakuba wanaume hufuma rafia na wanawake hudarizi. Kwenye sketi zao, viraka vilivyoshonwa awali kuziba matundu viligeuka kuwa nakshi zenyewe, na karatasi za Matisse zinashabihiana sana na viraka hivyo. Mbayuwayu wa Paris naye alianza kama kiraka cha kuficha doa. Yeye jina lake liko duniani kote, na wanawake waliodarizi vitambaa alivyovitazama kila siku hawakuandikwa popote. Anayesema leo "ni mali ya wote" ajiulize ni akina nani hasa ambao mali yao huitwa ya wote mapema.

Gudele kwenye mizani

Milaya hutengenezwa hivi: shuka la pamba huchorwa maua, majani au ndege, kisha mdarizi hujaza mchoro kwa nyuzi za rangi, na ukingo humalizwa kwa kufuma. Hutandikwa kitandani, hufunika viti mgeni anapokuja, huandaliwa kwa ajili ya ndoa. Vita vilivyoanza Juba Desemba 2013 na kurudi Julai 2016 vilipowatawanya watu, shuka hizo zilisafiri nao, nyingine hadi kambi ya Bidibidi, Uganda. Milaya ni mali nyepesi kuibeba na inaweza kuuzwa palipo na shida. Gudele yenyewe, iliyokua kwa kasi baada ya mkataba wa amani wa 2005 kutokana na watu waliorejea, inajua vizuri thamani ya kitu kinachobebeka.

Tuseme sasa mdarizi wa hapo ameombwa jani la Matisse. Jani hilo ni uwanja mpana wa rangi moja. Karatasi hailalamiki, lakini uzi unalalamika. Mshono wa kujaza ukiwa mrefu mno hunasa kwenye kucha na kulegea ukifuliwa. Ukijazwa eneo kubwa kwa kubana, kitambaa hukunjamana, na uzi unaotumika unakula faida. Kwa hiyo mdarizi lazima aamue: apunguze jani, aligawe kwa mishipa na kujaza kila sehemu kwa mwelekeo wake, au ashone ukingo tu na kuacha pamba nyeupe iwe mwili wa jani. Kila njia inatoa kitu tofauti, na mwelekeo wa uzi unaleta mng'ao ambao karatasi haikuwa nao. Anachokifanya hapo ni kile kile alichofanya Bony na risasi yake.

Upande wa hasara nao usifichwe. Mchoro maarufu huuzika haraka, lakini kiwanda nacho kinaweza kuuchapa kwa bei ndogo na kwa wingi. Mdarizi wa mkono hawezi kushinda mashindano ya nakala. Anachoweza kuuza ambacho kiwanda hakina ni uamuzi wake mwenyewe.

Kupima misimamo

Wa kwanza unatufundisha heshima kwa mkono wa mbunifu, ila unamfuta fundi. Wa pili unampa fundi kazi, ila unamficha nyuma ya jina kubwa. Wa nne unampa kila mtu ruhusa, ila ruhusa peke yake haimfanyi mtu kuwa msanii wala haimletei bei ya haki. Wa tatu, pamoja na ugumu wake wa malipo na wajibu, ndio unaoeleza vizuri zaidi kilichotokea Vence, London na Oxford, na ndio unaoweza kumfaa mdarizi wa Gudele. Ugumu wake unatibika kwa makubaliano ya mapema. Makosa ya misimamo mingine yanahusu kumsahau mtu mzima, na hayo ni magumu zaidi kutibu.

Kwa muhtasari

Kwenye sheria, jibu hutegemea nchi ambako kazi inauzwa, na anayeuza nje ya mipaka aulize kabla ya kushona. Kwenye uhalisi, kitu kilichohamishwa bila mbunifu kukisimamia kisiitwe kazi yake. Kiitwe kilivyo, kazi iliyotokana na mchoro wake. Kwenye ubora, tusipime ufanano na karatasi pekee. Tuulize kama anayekijua chombo kipya alipewa nafasi ya kuamua, na kama alichoamua kinaonekana.

Kwa Juba hilo lina matokeo ya moja kwa moja. Wanunuzi, mashirika na maduka yanayoagiza milaya yatoe oda zinazomwachia mdarizi uamuzi, yalipie kuchora mbali na kudarizi, na yaandike kwenye lebo majina ya aliyechora na aliyedarizi, iwapo wenyewe wanataka kutajwa. Wadarizi nao wanaweza kujifunza kwa Matisse ukingo safi na ujasiri wa rangi bila kuhitaji majani yake, maana bustani yao ya nyuzi ina maua ya kutosha. Jina kwenye lebo haligharimu kitu, na ndilo litakaloizuia sanaa hii kuitwa mali ya wote kabla walioitengeneza hawajajulikana.